Fungu Langu

Tulipogawana nyumba ya Mkomani
kaka yangu Shekuwe alichukua kiwanja,
shangazi akachukua mlango na kufuli lake,
mie nilipoulizwa nikasema: nipeni kifusi.
Wakacheka. Kadhi akaandika,
kalamu ikasita kidogo penye neno hilo.

Viroba kumi na viwili, punda safari mbili,
na mwenye punda ananung'unika kila kona ya kichochoro:
watu hubeba mawe wakajenge,
wewe wabeba yaliyokwisha kubomoka.

Ni matumbawe. Yasogeze machoni
utaona vitundu vya waliokaa humo mwanzo,
kabla ya babu wa babu, kabla ya chokaa,
unyayo wa kombe, vijinyota visivyohesabika,
na upande mmoja, buluu ya chumba cha kulala
aliyoipaka bibi mwaka niliozaliwa.

Buluu niliikwangua kwa kisu.
Chokaa niliitoa kwa patasi, kwa mswaki, kwa kucha.
Wiki tano mawe yakalala mapipani, maji ya mvua,
nami nabadilisha kila Ijumaa nikishafua,
mpaka maji yakaacha kuwa maziwa.

Mara ya kwanza nilijenga kwa macho.
Nikatandaza mchanga, mawe juu yake,
kwa kuwa hivyo ndivyo bahari ionekanavyo.
Usiku wa nne: ko!
kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani ya maji.
Mkundaji wangu, mchanga kwa umri, mla mchanga kwa kazi,
ndevu mbili na njaa isiyolala,
alikuwa amechimba chini ya ukuta
taratibu, kama mwizi mwenye ufunguo.
Kioo hakikupasuka. Mwanatumu, binti yangu, alisema alhamdulillahi
kisha akaniuliza kwa nini nalia.

Basi tukatoa kila kitu.
Safari hii mawe yalitangulia, yakakaa kwenye sakafu ya kioo,
plastiki nyembamba katikati, yasikwaruzane,
mchanga ukaja baadaye kama mgeni, ukajikalia pembeni.
Zito chini, tumbo lake chini.
Kila jiwe niliuliza linapenda kukaa vipi;
moja lilinijibu mara ya kumi na saba.
Hakuna lililoegemea kioo cha nyuma. Nikaacha ndia ya maji,
ndia, alivyotamka bibi,
na mie nilivyofundishwa shuleni nisitamke.

Sikukusudia, wallahi.
Lakini nilipokaa chini na kikombe cha kahawa
niliona daka, nikaona msana wa tini, msana wa yuu,
zidaka vitatu alimoweka dawa ya macho na risiti,
na nyuma kabisa, penye giza, ndani.
Kitatange ameshaishika ndani. Hataki mtu.
Bibi naye alikuwa hivyo hivyo, baada ya alasiri.

Stima ikipotea pampu hunyamaza,
na nyumba nzima husikika ikipumua kwa shida.
Hukaa hapo na upawa, nikayakoroga maji
kama uji wa mgonjwa, polepole,
Mwanatumu akinishikia tochi, akisinzia, taa ikiteremka ukutani.

Juzi Shekuwe alipiga simu. Mnunuzi ameshusha bei,
anasema kiwanja kina unyevu.
Anataka sahihi yangu, ya shahidi tu.
Nikamwambia nitatia.
Nikamuuliza kama anaikumbuka ile buluu.
Akasema ilikuwa kijani.

Limebaki jiwe moja lisiloingia popote.
Nimeligeuza, nimelibembeleza, pembe zake hazikubali.
Hilo sikulikwangua.
Liko mlangoni, lazuia mlango usijipige upepo ukija,
rangi yake imetazama nje.
Apitaye hulikwaa kidole, husema samahani,
kisha huona haya kuwa amelisemesha jiwe.